Mlango Nyuma ya Kidaka

Juzi nilipita kwenye shamba moja la mitende ambako mafundi walikuwa wakikandika ukuta wa zamani. Walikuwa wamechanganya udongo na makapi ya ngano, wameumwagia maji, na harufu yake ikanifika kabla sijawaona wenyewe. Ni harufu ya nyumba iliyolowa. Waliokulia kwenye nyumba za matofali ya sementi hawaijui. Nikasimama pale mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimepotea njia. Nikasema hapana, nikaenda zangu, lakini siku nzima nilikuwa nyumbani kwetu, kwenye ule mtaa wa kale wa Ibra, Oman, mtoto wa miaka tisa, nimeshika mguu wa ngazi ya miti na simu inalia.

Tulikaa katika safu ya nyumba tano zilizoshikana. Zilikuwa na ukuta mmoja kati ya kila mbili, hata jirani akikohoa wewe unamwombea afya. Walizijenga matajiri waliofanya biashara Unguja. Boriti za dari zilikuwa za mikoko, zimeletwa kwa bahari kisha zikapandishwa migongoni mwa ngamia, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vyote vilikuwa virefu na vyembamba. Chini hakukuwa na dirisha hata moja, matundu tu ya mwanga yenye ukubwa wa sahani, kwani zamani watu walikuwa wakipigana na nyumba ilikuwa ngome. Ghala la tende lilikuwa hukohuko chini, sakafu yake ina mifereji ya kuchirizia asali ya tende, na hata baada ya miaka mingi bila tende nzi walikuwa hawajakata tamaa. Ngazi ilipita ndani ya unene wa ukuta, ya kiza, vidato vyake virefu hadi magotini mwangu. Kila nilipoipanda nilihisi nyumba inanimeza, na kila nilipoteremka nilihisi haijamaliza kunitafuna.

Bibi, mama yake baba, alikaa juu. Alizaliwa Unguja akaja Oman mtu mzima, magoti yameshaanza kumsumbua. Wenziwe waliorudi walijenga nyumba mpya kando ya barabara kuu, zenye mashine za baridi na mabomba. Bibi alikichagua chumba cha juu cha nyumba hii ya ukoo kwa sababu ya zidaka. Ukuta mzima wa upande wa kulia ulikuwa na vishubaka vya kuwekea vitu, safu tatu, vimepigwa lipu nyeupe na kuchongwa maua kingoni. Humo aliweka vikombe vyake, chupa ya marashi ya mawaridi kutoka Jabal Akhdhar, msahafu, tasbihi na redio. Kidaka cha katikati kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kirefu kama mtu. Hicho alikitundikia pazia na kuwekea matandiko.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku tatu. Wadi, ule mto unaokauka mwaka mzima, ilishuka na maji, mfereji wa falaji ukafurika, na alfajiri ya siku ya nne tukasikia kishindo. Nusu ya chini ya ngazi ilikuwa imelala sakafuni kama punda aliyegoma.

Baba alileta mifuko sita ya sementi siku hiyohiyo. Hakumaliza hata kuishusha. Safu yetu ilikuwa imeshawekwa katika majumba yanayohifadhiwa na serikali, kila mlango umeandikwa namba kwa rangi nyekundu, sisi namba tatu. Mtu wa majumba ya kale akaja na kamera shingoni, dishdasha yake imepigwa pasi hata niliogopa kumkaribia.

"Sementi mamnuu," akasema kwa Kiarabu. "Ikikaa na udongo inaupasua. Hata msumari usipige."

"Na mama yangu atashukaje?" Baba akamuuliza.

"Mafundi wetu watakuja na udongo wa kuchoma, waijenge kama ilivyokuwa. Mmo kwenye orodha."

"Zamu yetu lini?"

"Inshallah karibu."

Alipanda kwa ngazi ya miti tuliyoazima shambani, akapiga picha dari, zidaka, nakshi za dirisha na vyuma vyake. Bibi alijitanda vizuri, akabaki amekaa palepale kwenye mkeka.

"Mpige na mie basi," akamwambia kwa Kiswahili. "Nami ni wa kale."

Yule bwana hakuelewa. Alitabasamu, na mwanga wa kamera ukampiga Bibi usoni. Kisha akashuka, akamtolea Baba karatasi ya kutia sahihi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akisema kila kilichopigwa picha kibaki mahali pake, kikiguswa Baba ndiye atakayejibu.

Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Mtoto anayeuliza hukosolewa upesi, yule anayenyamaza hukaa na kosa lake mpaka likaota mizizi. Mimi niliondoka pale na mambo mawili niliyoyajua kwa yakini. Bibi amepigwa picha, kwa hiyo Bibi ameandikwa pamoja na boriti na zidaka, naye hatakiwi kutoka. Na mtu yeyote akigusa ukuta, Baba atafungwa.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hilo lilikuwa langu peke yangu. Nyumba namba nne, iliyoshikana na yetu kwa upande wa zidaka, ilikuwa tupu. Mwenyewe alihamia kwenye nyumba yake mpya, akafunga mlango wa mbele kwa mnyororo na kuusahau wa nyuma. Tulikatazwa kuingia humo. Mimi niliingia kumfuata kuku wetu, kabla ya mvua zile. Ngazi ya nyumba ile ilikuwa pana, vidato vifupi, inapanda taratibu kama inamsubiri mgonjwa. Juu niliona fremu ya mlango wa mbao yenye nakshi, imezibwa ndani kwa mawe na udongo. Nikagonga kwa kidole. Upande wa pili nikaisikia redio ya Bibi, nikamsikia Bibi mwenyewe akikohoa, karibu kabisa, kama tuko chumba kimoja. Ndipo nilipojua nyuma ya pazia la matandiko kuna nini. Nikamkamata kuku, nikarudi, sikumwambia mtu.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka simu za waya. Yetu ilikaa chini, ukumbini, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Waya wake haukufika hata kwenye mlango wa ngazi, na kuuvuta juu kungetaka misumari. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, hapandi ngazi ya miti. Baba alikuwa kazini mpaka jioni. Basi simu ya Bibi ikipigwa, simu hiyo ilikuwa mimi.

Aliyekuwa akipiga ni Bi Thuraya, mdogo wake Bibi, aliyekaa Nizwa na binti yake. Siku ya kwanza nilipopokea, nilianza kwa salamu.

"Shikamoo Bibi Thuraya."

"Marahaba. Nani weye? Sema kwa sauti, mwanangu, unaongea kama panya ndani ya gunia."

Nikajitaja.

"Haya, mwambie dada yangu nimepata kiharusi. Mguu wa kushoto haupo, mkono wa kushoto haupo. Aje aione nusu iliyobaki kabla haijachukuliwa."

Nikapanda. Nikasema yote, neno kwa neno, nikitazama mkeka. Bibi alishika mdomo, machozi yakamtoka, kisha akacheka humohumo ndani ya machozi.

"Mwambie hata alipokuwa mzima alikuwa nusu. Maji ya kisimani nani aliyekuwa akibeba?"

Nikashuka. Bi Thuraya akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie alikuwa akibeba ili apite mbele ya duka la yule kijana wa Kimanga. Yote nayajua." Nikapanda na hilo pia. Bibi alinitazama kwanza, akaona sijaelewa, akasema, "Muongo mkubwa huyo. Mwambie hivyo."

Nilipanda na kushuka mara saba, wakitaniana. Mara ya nane Bibi hakucheka. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Mwambie nnamtaka radhi."

Nikashuka, nikashika mkono wa simu kwa mikono miwili. "Bibi anasema anakutaka radhi."

Kicheko chake kilikatika.

"Radhi haitumwi mtoto," Bi Thuraya akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwambie aje aitake mwenyewe, niuone uso wake. Nimeisubiri miaka yote, nitaisubiri na hii iliyobaki. Lakini asikae sana."

Nilimuuliza Mama, akanieleza huku akichambua mchele. Walipokuwa wanaondoka Unguja palipatikana nafasi ya mtu mmoja, na mama yao alikuwa mgonjwa kitandani. Bibi alikwenda akaichukua ile nafasi bila kumwambia mdogo wake. Thuraya aliamka asubuhi akakuta kitanda cha pili kitupu. Alimuuguza mama yao miaka sita, akamzika, ndipo akapata kuja. Tangu hapo wakaonana kwenye harusi na matanga, wakataniana sana, na lile jambo hakuna aliyelitaja.

"Sasa Bibi anataka kulitaja," Mama akasema. "Na Bi Thuraya anataka kulisikia. Basi."

Ijumaa Baba alijaribu kumteremsha. Walikuja wanaume wawili wa mtaani, wakamfunga Bibi shuka mbili kiunoni na chini ya makwapa, Baba akatangulia kwenye ngazi ya miti kumpokea miguu. Bibi alikuwa mnene na goti lake halikukunjika. Kwenye kidato cha pili goti lilikwama baina ya mti na ukuta, akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu. Wakamrudisha juu. Alilala kifudifudi mpaka adhuhuri. Mmoja wa wale wanaume akasema wang'oe vyuma vya dirisha wampitishe nje kwa kamba, Baba akatikisa kichwa. Vyuma vilikuwa kwenye picha.

Mimi nilikuwa ukumbini wakati ule, nimefumba macho. Niliomba Mungu wasifanikiwe. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na niliomba abaki juu, kwani akishuka tu yule bwana wa kamera angekuja na askari. Walipomrudisha, nilishukuru.

Simu ziliendelea. Bi Thuraya alikuwa akipiga kila siku baada ya alasiri, na kila siku maneno yake yalipungua. Wiki ya kwanza nilipanda na kushuka mpaka magoti yangu yakachubuka. Wiki ya pili alikuwa akisema, "Mwambie nipo." Bibi hujibu, "Mwambie nakuja." Ikawa ni hayo tu. Baba alikwenda ofisi ya majumba ya kale mara tatu, akarudi na neno lilelile, karibu. Na mimi kila usiku nililala kwenye chumba cha Bibi, kichwa changu hatua nne kutoka lile pazia. Chumba kilikuwa na joto, Bibi anageuka anagumia, na mimi nimelala naitazama njia. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya pili akanisikia, akauliza, "Unasemaje, mwanangu?" Nikasema nina kiu.

Wiki ya tatu aliyepiga alikuwa binti yake Bi Thuraya. Hakunitania wala hakuniuliza jina.

"Mwambie Khalati, mama yangu mkubwa, kwamba mama tangu asubuhi hasemi. Macho yapo, ulimi umekwenda. Kama anakuja, aje leo."

Nikapanda. Bibi alikuwa ameshajua kutokana na miguu yangu kwenye ngazi, kwa sababu nilipanda polepole. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika ukuta, buibui ameshalivaa, hana pa kwenda. Nikampa maneno ya simu. Akakaa chini bila kujiegemeza, kama gunia lililoachiwa. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Bibi, ipo njia."

Nilivuta pazia, nikatupa matandiko, nikagonga mgongo wa kidaka. Ulilia wazi, kama ngoma. Bibi alitambaa mpaka pale akagonga mwenyewe. Akaweka sikio. Kisha akageuza uso na kunitazama.

"Umeijua lini?"

"Leo," nikasema.

Baba alipofika alisimama mbele ya kidaka, mkono kichwani. "Mama, nimetia sahihi."

"Basi nipishe nivunje mie. Waje wakifunge kizee, wakilishe wali na kukitibu magoti." Alikuwa ameshashika mchi wa kinu. Aliupiga mara mbili, lipu ikapukutika, ua moja kati ya yale yaliyochongwa likaanguka zima mkekani. Pigo la tatu mikono ilimwishia nguvu. Baba akauchukua mchi.

Haikuchukua hata saa moja. Yalikuwa mawe madogo yaliyopangwa kwa hasira. Tuliambiwa baadaye kwamba ndugu wawili wenye nyumba zile waligombana zamani, kila mmoja akaziba upande wake. Mwenye namba nne alipigiwa simu, akaja na ufunguo, akasimama upande wa pili anatupokelea mawe na kucheka peke yake kwa kushangaa. Mbao za fremu zilipoonekana, Bibi alizipapasa.

"Kumbe lilikuwepo wikio," akasema. "Na mie nimekaa humu kama mahabusu."

Wikio ni lile daraja la Unguja linalounganisha nyumba mbili kwa juu, wanawake wapite kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Bibi aliinama, akapita, akashika bega langu, tukateremka ile ngazi pana kidato kwa kidato. Hakusimama hata kupumzika. Nilikuwa nikihesabu askari kichwani.

Tulikwenda Nizwa kwa gari ya Baba, mimi nikichukuliwa kwa kuwa Bibi hakuliachia bega langu. Mpaka Bidbid alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ndogo, akiyapanga maneno. Pale njia inapogeuka kuelekea Nizwa, akanyamaza.

Bi Thuraya alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, anatazama dari. Bibi aliketi karibu yake, akaushika ule mkono mzima, wa kulia, akaanza. Aliomba radhi mara tatu, kwa maneno marefu, akataja kitanda, akataja mama yao, akataja asubuhi ile. Watu wote chumbani walikuwa wakilia. Bi Thuraya alitazama dari. Mkono ulikaa ndani ya mikono ya Bibi kama kitu kilichowekwa. Alifariki siku ya pili baada ya adhuhuri.

Tulipokuwa tunarudi, Baba alisimama kutia mafuta. Bibi akanigeukia.

"Weye ulikuwepo. Uliuona mkono wake? Kidole hakikutikisika?"

"Kilitikisika, Bibi."

"Nami nilikisikia," akasema, akafunga macho.

Yule bwana wa kamera alikuja baada ya miezi miwili na mafundi wake. Nilijificha ghalani, chini, nikamsikia anapanda, kisha nikamsikia anacheka. Alifurahi. Akamwambia Baba kwamba mlango ule wa asili wamekuwa wakiutafuta kwenye safu nzima, na kwamba kuzibua kilichozibwa ni kuirudisha nyumba kwenye hali yake. Akaupiga picha nyingi, akaomba kumpiga na mtoto aliyeugundua. Mama aliniita mpaka akachoka. Hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyekuwa akitaka kumfunga mtu.

Bibi alikuwa akiniita mwokozi wake. Kila mgeni alipokuja alimwonesha mlango, kisha akaninyooshea kidole mimi. "Huyu ndiye aliyenitoa. Isingekuwa yeye, mdogo wangu angekwenda hajauona uso wangu." Wageni walinibusu kichwani, wakanipa halua, wakasema mtoto huyu ana haya, tazama anavyoinamisha macho.

Bibi aliugua nilipokuwa nimeshafikia kumpikia na kumwogesha mwenyewe. Ngazi ilikuwa imeshajengwa, mlango wa kidaka umewekewa ubao, lakini hakutaka tena kushuka. Alipojua amefika mwisho, alituita mmoja mmoja kutakiana radhi, kama ada. Zamu yangu nilikaa kwenye mkeka, mahali palepale alipopigwa picha.

"Nakutaka radhi, mwanangu," akasema. "Nilikupandisha na kukushusha ile ngazi kama punda, na magoti yako yalichubuka nikiyaona."

"Nimekusamehe, Bibi."

Alingoja. Alikuwa na subira ya watu wa zamani, macho yake yakanikalia usoni bila ukali wowote.

"Na weye, huna lako?"

Nilisikia pampu ya maji shambani. Nilimsikia Baba chini akivuta kiti.

"Sina, Bibi."

Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akanipiga-piga mkono, taratibu.

"Haya," akasema. "Kamwite baba yako."

Nikashuka kumwita.